Google Haikulangi Chai

Kuna aibu za mtaa tumeshazoea. Kukanyaga mtaro na njumu nyeupe. Kushushwa na konda mbele ya manzi juu fare imepungua mbao. Lakini kuna aibu ingine sai, na hii haitoki na sabuni: umefungua saiti, umeita mbogi yote base, kila mtu ametoa simu, wameandika jina ya biz yako kwa Google, na Google imewaletea kanisa ya Ufilipino.

Nilikuwa hapo. Ijumaa, saa moja jioni, nje ya kibanda ya mama chapo. Boy wetu wa Umoja anauzanga njumu za mtumba. Saa kumi usiku ako Gikomba, juu bale ikifunguliwa anataka kuwa wa kwanza kuchagua camera, zile safi kabisa. Jicho anayo. Alikuwa ameuza kwa status miezi nane, akasema zii, sasa ni saiti. Domain ya .co.ke, akalipa. Hosting, akalipa. Kijana wa design, ngiri kumi na tano, akalipa. Logo kali. Rangi kali. Picha kali. Wiki tatu zimepita na kwa Google hayuko. Hata ukiandika jina ya duka herufi kwa herufi, hayuko.

Mbogi ikanyamaza. Chapo zikapoa.

Hapo ndio mzae wake akapita na gazeti kwa kwapa, akaskia risto, akatoa suluhisho ya wazae wote wa hii nchi: "Kwani hakuna mtu mnajua huko Google?"

Tulicheka mpaka mama chapo akatuambia tuhamie kwa kibanda ya pili. Lakini manze, nikiangalia mbogi vizuri, nusu yao walikuwa wanacheka na bado wanaamini. Wanadhani kuna msee mahali ameketi na stamp. Umtumie ya macho, peji yako inaingia. Chanuka leo. Google wameandika wazi kwa maelezo yao wenyewe: hawachukui pesa ndio wakutembelee mara mob zaidi, na hawachukui pesa ndio wakupandishe juu. Hata ukimwaga ganji kwa matangazo yao, hiyo ni kaunta ingine kabisa. Haikulangi chai. Mlango ya nyuma haiko.

Basi wacha nikushow ile ya mbele inafunguliwa aje.

DIRECTION KWANZA

Umewahi kuitisha kitu na nduthi, alafu rider anakupigia: "Niko stage, nikuje wapi?" Unaanza. Pita kwa mpesa ya kijani. Piga kona kwa wasee wa carwash. Ukiona geti nyeusi imeandikwa "hakuna nyumba" umefika, panda floor ya tatu. Mtaa yetu haina majina za barabara. Bila direction, smokie zako zinazunguka Umoja mpaka zipoe.

Googlebot ni huyo rider. Ni programu ya Google inatembea kwa intaneti siku nzima usiku kucha, ikiruka kutoka linki moja hadi ingine. Kazi iko na hatua tatu, na wasee mob wanazichanganya. Ya kwanza, ijue kwamba peji yako iko. Ya pili, ikuje iisome. Ya tatu, Google iamue kama hiyo peji inafaa kuwekwa stoo. Hiyo stoo ndio index. Mtu akisearch, Google haikimbii kwa intaneti yote, inachungulia stoo. Kama hauko stoo, hauko. Basi.

Na hiyo stoo si ka-store ya chini ya ngazi. Google wanasema iko na mapeji mabilioni kwa mamia, na uzito yake imepita gigabaiti milioni 100. Sasa wewe na mapeji zako arobaini za njumu, kwa nini ikukimbilie? Wenyewe wanasema peji kutembelewa inaweza chukua siku kadhaa, inaweza chukua wiki kadhaa. Na hata ikitembelewa, hakuna mahali wameahidi itawekwa. Kwa hivyo msee akikuambia "dakika tano, guaranteed", shika mfuko yako kwanza.

Mchezo yote ni kupunguza hizo siku. Na hapo kuna vitu ziko mkononi mwako, zote bure.

GETI IMEFUNGWA NA NI WEWE ULIFUNGA

Tukarudi kwa boy. Usiku hiyohiyo, keja yake, lapi kwa meza, strungi kwa kikombe ya plastiki. Nikamwambia fungua saiti yako, alafu mwisho wa address weka mkwaju na robots.txt. Akaandika. Peji nyeupe ikakuja na mistari mbili peke yake:

User-agent: *
Disallow: /

Nikaweka kikombe chini. Huo mkwaju mmoja hapo mwisho unasema hivi: roboti zote duniani, msiingie mahali popote kwa hii saiti. Wiki tatu rider amekuwa akifika kwa geti, anasoma "Mbwa Kali", anageuza nduthi anaenda.

Kijana wa design aliweka hiyo kitu akijenga, ndio Google isione saiti ikiwa nusu. Hiyo ni sawa, mafundi wote hufunika mjengo. Lakini alipomaliza akachukua balance yake na akasahau kutoa mabati. Hii ndio kosa namba moja kwa mtaa, nakuapia. Kwa WordPress iko hata rahisi kufanyika: ingia Settings, upande wa Reading, kuna ka-tiki chini kanaambia search engines zisiindeksi saiti. Kadogo kama tone ya chai. Kanaweza kukulaza njaa mwaka mzima.

Hiyo faili ya robots.txt ni OG. Ilianza 1994, msee anaitwa Martijn Koster ndio aliileta, na ilikaa miaka 28 ikiwa makubaliano tu ya heshima mpaka 2022 ikaandikwa rasmi kama RFC 9309. Heshimu wazee wa aina hiyo. Wanaongea maneno mawili na dunia inasikia.

Sasa cheki hii, hapa ndio wasee wanachanganyikiwa. Kuna kufuli ya pili inaitwa noindex. Hiyo inakaa ndani ya peji yenyewe, na inasema: soma, lakini usiweke stoo. Robots.txt inafunga geti. Noindex ni karatasi imebandikwa kwa mlango ya nyumba. Ukifunga geti, rider hataona karatasi. Ndio maana kuna peji zimefungwa na robots.txt na bado jina zao zinatokea kwa Google, zikiwa uchi bila maelezo, juu kuna mtu mahali aliweka linki. Ukitaka kuficha peji kabisa, acha geti wazi na ubandike karatasi. Ukitaka ionekane, toa zote mbili.

Tulitoa. Sekunde kumi. Wiki tatu za hasara zilikuwa zimekaa kwa mkwaju mmoja.

KITI YAKO NDANI YA OFISI

Mzae anauliza kama kuna mtu tunajua. Kuna kitu tunajua, inaitwa Search Console. Bure. Haina ada, haina foleni, haina "kuja kesho". Unaonyesha kwamba saiti ni yako, kwa kawaida kwa kuweka ka-mstari ka maandishi kwa mipangilio ya domain, alafu Google inaanza kukuambia ukweli yote: peji gani imeingia, gani imekataliwa, na sababu.

Juu kabisa kuna sanduku. Bandika address ya peji moja hapo. Itakuambia kama iko stoo, lini rider alikuja mara ya mwisho, na kama kuna kufuli. Hii ndio ya kuamini. Ile ya kuandika site: na jina ya saiti kwa Google ni ya kuchungulia tu, haikupei hesabu kamili.

Kama peji ni mpya, ama umeibadilisha, hapo kando kuna batani: Request Indexing. Bonyeza. Mara moja. Nimesema mara moja. Kuna msee najua anabonyeza kama anapiga honi kwa jam ya Jogoo Road. Honi haisongeshi jam. Google wamesema ukiomba tena na tena peji ileile haifanyi ije haraka, na batani yenyewe iko na kipimo ya siku. Utamaliza kipimo yako ukisumbua peji moja, alafu ile mpya ya maana ikose nafasi.

Hiyo batani ni ya peji chache. Kama ziko mob, unahitaji ramani.

RAMANI, NA UONGO YA TAREHE

Ramani inaitwa sitemap. Ni faili moja ina address za mapeji zako zote zenye unataka zijulikane. Faili moja inabeba hadi address 50,000, na isizidi megabaiti 50. Boy wetu alikuwa na 43. Tuko sawa. Unaiweka kwa saiti, unaiandikisha kwa Search Console, alafu unaitaja pia kwa ile faili ya robots.txt ndio kila rider aione kwa geti. Programu mob za kujenga saiti hukutengenezea hiyo ramani yenyewe, kazi yako ni kuhakikisha iko.

Ndani ya ramani kuna kitu inaitwa lastmod, yaani tarehe ya mwisho ulibadilisha peji. Hapa ndio wajanja hujichoma. Wanaseti tarehe zote zijibadilishe kila asubuhi ndio Google idhani kila kitu ni fresh. Maze. Hiyo ni kama yule wa kuuza jacket anapiga kelele "Fungua bale! Fungua bale!" na jacket ni ileile imening'inia tangu Jamhuri. Mara ya kwanza utageuka. Mara ya pili utacheka. Mara ya tatu husikii tena. Google wanasema wanafuata hiyo tarehe kama imekuwa ya ukweli kila wakati. Ukidanganya wanaizima, na siku umebadilisha kitu ya ukweli, hakuna mtu anageuka.

Na zile vitu zingine za kwa ramani, priority na changefreq, zenye kuna wasee bado wanazipiga polish? Google hawaziangalii. Wacha. Kulikuwa pia na ile mtindo ya kupigia Google "ping" kila ukibadilisha ramani. Walitangaza mwaka wa 2023 kwamba wanaizima, na wakaizima. Mtu akikuuzia "ping service" sai, anakuuzia laini ya kibanda cha simu.

LINKI NDIO BARABARA

Ramani peke yake haitoshi. Nyumba inaweza kuwa kwa ramani na haina njia ya kufika. Wasee wa saiti wanaiita peji yatima: iko, ni safi, na hakuna peji ingine hata moja inaielekezea.

Boy alikuwa ameweka njumu zake nzuri kabisa, zile boots za ngozi, ndani ya ndani. Home, alafu "Products", alafu "Men", alafu "Peji ya 4", alafu ndio uzipate. Hata mimi binadamu nilichoka nikiwa peji ya pili. Tukabadilisha. Kitu mpya ikiingia, linki yake inakaa home, juu, mahali rider anapitanga kila mara. Home ndio peji Googlebot hurudia sana. Weka mzigo mpya kando ya barabara kubwa, si nyuma ya choo ya ploti.

Na linki iwe linki ya ukweli, ile ya kawaida ya HTML yenye iko na href na address ndani. Kuna batani za kisasa zinapendeza, ukizibonyeza zinafungua peji kwa JavaScript, lakini hazina address. Googlebot haibonyezi batani. Inafuata address. Kama hakuna, inapita kama haijaona mtu.

Linki kutoka nje pia ni moto. Kama kuna saiti ya mtaa, ya chuo, ya mbogi ya design, ya manzi anaandikanga mambo ya luku, na watu wanaipitia kila siku, wakikutaja kwa nia safi rider atakufuata kutoka huko. Linki ya bio za mitandao ya kijamii ni poa kwa wateja, lakini nyingi zinawekwa alama ya nofollow, yaani usifuate, kwa hivyo usiweke roho yote hapo. Na usinunue linki. Hiyo Google inaihesabu kama spamu, na ukishikwa hakuna wa kumpigia akutoe ndani.

"ILIKUJA, IKACHEKI, IKAISHIA"

Siku mbili baada ya kufungua geti, Search Console ikaanza kuongea. Mapeji kumi na tano zikaingia, home ikiwa mbele. Zingine zikapata majibu mbili tofauti, na hapa shika kalamu.

Ya kwanza: Discovered – currently not indexed. Maana yake rider anajua unaishi wapi, hajakuja bado. Sababu moja ni Google kuogopa kulemea seva yako. Kama hosting yako ni ile ya soo mbili kwa mwezi na inazimika kila ikifika saa tatu usiku, seva ikitoa makosa ya 500 na kitu, Googlebot inapunguza mwendo. Ni adabu yake. Hapo ongea na watu wa hosting ama uhame.

Ya pili inauma zaidi: Crawled – currently not indexed. Alikuja. Akaingia. Akaangalia viatu. Akaishia bila kununua. Hii, batani haitibu na ramani haitibu. Hii ni peji yako ndio haijampa sababu.

Tukafungua moja. Njumu ya ngozi ya brown, kali sana. Maelezo: "Quality shoes at affordable price. Call now." Tukafungua ya pili. Njumu tofauti kabisa. Maelezo: "Quality shoes at affordable price. Call now." Ya tatu, wacha nisikuchoshe. Mapeji ishirini na nane, sentensi moja. Ukiwa Google, utaweka stoo nakala ishirini na nane za kitu moja? Hata mama mboga hapangi nyanya moja mara ishirini na nane.

Nikamwambia boy: niuzie hii njumu kwa mdomo, kama mimi ni mteja nimesimama hapa. Akaishika. Akaigeuza. Macho yakawaka. "Hii ni 42 lakini inavaliwa na 41 mwenye mguu pana. Ngozi ya ukweli, finya hapa uone mikunjo. Soli imeshonwa, haijabandikwa na gundi, fundi anaweza badilisha. Kisigino ya kulia imelika kidogo, kama ukucha. Kamba nimeweka mpya. Ukipaka rangi ya kopo mara mbili inarudi dukani."

Nikamwambia andika hiyo. Neno kwa neno. Akaandika akitoa jasho, lakini ilipokwisha ilikuwa peji yenye hakuna mwingine duniani anayo, juu hakuna mwingine ameshika hiyo njumu.

Hiyo ndio siri yenye wauzaji wa siri hawakuuzii.

NJUMU MOJA, PEJI MOJA, SHIDA MOJA

Sasa fikiria kidogo kama mfanyabiashara. Mtumba ni kitu moja moja. Boots za brown zinauzwa Jumamosi. Google inakuja Jumanne. Peji inaingia stoo ikiwa na kitu haiko. Mteja anabonyeza anapata "SOLD". Hiyo ni kuchoma picha.

Ndio maana tuliongeza peji za kukaa. "Boots za ngozi namba 42." "Raba za kukimbia namba 40." Address moja, haibadiliki, na kila mzigo mpya unaingia humo. Njumu inaenda, peji inabaki. Google hupima peji inabadilika mara ngapi na watu wanaipenda aje, na kulingana na hiyo inapanga kurudi. Peji yenye kila wiki iko na kitu mpya ya ukweli, rider anajifunza kupitia. Peji mpya kila siku yenye inakufa kesho, unamfundisha kwamba kwako ni matanga tu.

Na zile za vitu zimeisha kabisa, zitoe vizuri, zirudishe 404 ama 410, yaani peji haiko tena, ama umpeleke mteja kwa peji inafanana. Usiache maiti kwa korido.

Kitu ingine: njumu moja isikuwe na address sita juu ya rangi na saizi na vile mtu amepanga bei. Kuna alama ya canonical, iko tangu 2009, inaambia search engines "kati ya hizi zote, ya ukweli ni hii." Weka. Inapunguza rider kupanda ngazi sita kufika keja moja.

SIMU NDIO JICHO

Usijenge saiti inakaa poa kwa lapi ya kijana wa design pekee. Googlebot inakuangalia kama simu. Mpango wa kuangalia saiti kwa jicho ya simu ulitangazwa 2016, ukakamilika Oktoba 2023, na tangu Julai 2024 saiti yenye haifunguki kwa simu kabisa haiindeksiwi. Sisi wa mtaa tulijua mapema, wateja wetu wote wako kwa simu na bundle ya mbao. Kama maelezo umeyaficha kwa simu ndio ionekane "clean", umeyaficha kwa Google pia.

BING PIA NI MTU

Wasee wanacheka Bing. Wacheke. Bing na Yandex walianzisha kitu inaitwa IndexNow Oktoba 2021: ukibadilisha peji, saiti yako inawatumia ujumbe palepale, na kwa ujumbe moja unaweza kutaja hadi address 10,000. Unaweka ka-faili ka ufunguo kwa saiti, basi. Kwa WordPress ni plugin. Google haijaingia hiyo chama, kwa hivyo usidanganywe kwamba inakusaidia huko. Lakini DuckDuckGo na Yahoo wanategemea matokeo ya Bing kwa sehemu kubwa, na mteja ni mteja. Ganji yake haiulizi alitokea mtaa gani.

WASEE WA WASH WASH

Sasa bei. Boy alikuwa ameshatumiwa ujumbe: "Instant Google Indexing, mapeji 100, ngiri tano." Karibu alipe. Nikamshika mkono kama manzi anavuka Outering.

Wengi wa hao wanatumia mlango inaitwa Indexing API. Hiyo mlango iko, ni halali, lakini Google wameandika ni ya vitu mbili peke yake: matangazo ya kazi, na video za moja kwa moja. Njumu si kazi na si live. Ukipenyeza hapo unajaribu bahati na saiti yako, na peji ikiingia bila kustahili, inatolewa tena kimyakimya ukiwa umeshalipa. Ngiri tano! Hiyo ni njumu ngapi za camera?

Kuna wa pili, hawa wamevaa suti. Watakuambia unahitaji "crawl budget audit", yaani kukagua Googlebot iko tayari kusoma mapeji ngapi kwako. Mapeji arobaini na tatu, audit ya nini? Google wenyewe wanasema hiyo hesabu ni ya saiti zenye mapeji zaidi ya milioni moja, ama zile za kuanzia elfu kumi zinabadilika kila siku. Ukiwa na duka moja Umoja alafu unabonga crawl budget kwa base, ni kama kuongea jam ya ndege ukiwa umepanda baiskeli.

HESABU YA BOY

Siku ya tisa tangu tufungue geti. Base ileile, chapo ni moto. Mtu akaandika jina ya duka kwa Google. Ikakuja. Mtu mwingine, mjanja, akaandika "boots za ngozi 42 Umoja". Ikakuja pia, na ile sentensi ya kisigino imelika kama ukucha ikaonekana pale chini ya jina. Manzi mmoja wa block ya nyuma akasoma kwa sauti, akasema, "Huyu ni mkweli, anasema hadi makosa." Akaitisha.

Mzae akapita na gazeti. Akaonyeshwa simu. Akaangalia vizuri, akatikisa kichwa kwa heshima: "Sasa mnaona? Nani huyo mlimpata?"

Hatukumpata mtu, mzae. Tulitoa mkwaju mmoja kwa geti, tukaandikisha ramani, tukaweka linki kando ya barabara, tukaandika ukweli kuhusu kiatu. Chai tulikunywa wenyewe.

Na wewe msee, kabla ulale leo: fungua saiti yako, weka mkwaju na robots.txt, usome mistari. Kama kuna Disallow imesimama na mkwaju peke yake, ushajua kwa nini umekuwa ukingoja. Itoe. Alafu kesho asubuhi chagua peji moja yako, ile unaipenda zaidi, na uiandike upya vile ungemwambia mteja amesimama mbele yako.